Uwanja wa Fundi

Nikisikia mtu wa kwetu akisema kwamba Fundi alikuwa mtu wa usafi, mimi hunyanyuka nikaondoka. Sitaki kugombana na watu wazima wenzangu mbele ya chai yao. Lakini hapa hakuna wa kunikatiza, kwa hiyo nitasema nililo nalo moyoni. Fundi hakuwa mtu wa usafi. Wanaomsifu hivyo leo ni walewale waliomcheka, au ni watoto wao, na hawakumwelewa wakati ule wala hawamwelewi sasa.

Alikuwa fundi wa baiskeli katika soko letu dogo, kwenye barabara ya kutoka Mukuyuni kwenda Wote, na alikuwa mchafu. Nasema hivyo kwa mapenzi. Shati lake la kazi lilikuwa limefika rangi ambayo hata mwenye duka aliyemuuzia asingeitambua. Grisi ilimwingia kwenye kucha na kwenye mikunjo ya shingo, ikakaa humo miaka yote niliyomjua. Aliweza kufungua mnyororo, akapangusa mikono kwenye suruali, akamega chapati na kuila palepale, huku mama yangu akigeukia upande mwingine asione. Chini ya kibanda chake spana, spoki na vipande vya tyubu vilitapakaa ovyo, na alikuwa akivitafuta kwa kuvipigapiga na mguu. Ukimwambia apange vitu vyake alikujibu kwamba vitu vikipangwa huwa havionekani.

Sasa mtu huyohuyo, nyumbani kwake, usingepata uwanjani hata alama ya mavi ya mbwa. Na kwetu mbwa ni wengi. Kila boma lina wake, wa kufukuza nyani shambani na wa kubweka usiku, na mchana hakuna anayewafunga. Wanazurura, wanaingia kwa huyu na kutokea kwa yule, na popote wanapojisikia wanaacha walichonacho. Watu wameshazoea. Wanaruka, wanapita. Fundi peke yake ndiye aliyekataa kuzoea.

Boma letu na lake yalitenganishwa na safu ya mikonge tu, kwa hiyo nilimwona tangu nikiwa msichana wa kubebeshwa wadogo zangu. Alianza kulipopambazuka. Alibeba debe la majivu ya jikoni na jembe lililolika mpaka likabaki kama kijiko. Alipokuta mavi ya mbwa aliyamwagia majivu, akangoja yashike, kisha akayakwangua pamoja na udongo wa chini yake na kuyapeleka kwenye shimo nyuma ya choo. Pale alipokwangua alinyunyiza maji, akapigapiga kwa kiganja mpaka pakawa sawa na penginepo. Baada ya hapo alifagia uwanja mzima kwa fagio la vijiti, mgongo umepinda, akikohoa vumbi.

Halafu akafanya lile jambo lililowapa watu maneno. Alivua akala zake za tairi, akaziacha mlangoni, akauvuka uwanja pekupeku. Alikwenda polepole, kutoka mlangoni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi ghalani, akazunguka penye mtungi wa maji, akaenda mpaka choo na kurudi. Akikanyaga kijiwe aliinama akakiokota na kukitia mfukoni. Alipomaliza alivaa akala, akapanda baiskeli, akaenda kazini na mawe yake mfukoni.

Ati ni dawa. Watu walisema amepewa masharti na mganga wa ng'ambo ya mto. Wengine walisema amekaliwa na mkewe, kwa sababu mwanamume wa Kikamba wa miaka ile kushika fagio mwanamke akiwa hai ndani ya nyumba kilikuwa kituko cha kusimulia njiani. Kina mama walikuwa wabaya zaidi. Walimsema wakienda kisimani na wakamsema wakirudi, na wote walimjua mkewe vizuri.

Mkewe alikuwa haoni. Macho yake yaliugua kabla sijapata akili ya kukumbuka, na mimi nimemjua hivyo. Tulimwita Mwaitu, kama tunavyomwita kila mwanamke wa rika la mama zetu. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo, na ndani ya boma lake hakushikwa mkono na mtu. Alipika, alikoboa mahindi ya muthokoi kwenye kinu, alichota maji mtungini, alitoa mbaazi ghalani, alikwenda choo na kurudi, yote peke yake. Mgeni asiyejua angekaa saa nzima kabla ya kugundua. Siku moja, nikiwa bado mtoto wa kuuliza chochote, nilimuuliza anajuaje kwamba amefika jikoni.

Aliinua mguu, akanionyesha wayo. "Macho yangu yalihamia huku," akasema. "Hapa karibu na jikoni udongo ni laini. Huko ghalani kuna changarawe. Nikikosea, mguu unaniambia rudi."

Basi ndiyo hiyo siri ya mganga wa ng'ambo ya mto.

Kuna wanaouliza, na bado wanauliza mpaka leo, kwa nini asingevaa viatu mambo yakaisha. Alivaa. Kina mama wa kanisa walimletea viatu vya raba, vipya, vimefungwa kwa gazeti, wakamwombea navyo. Kesho yake tulimsikia akiita. Mama yangu alikimbia akamkuta amesimama katikati ya uwanja wake mwenyewe, mikono imenyooka mbele, hajui mlango uko wapi. Ndani ya vile viatu udongo wote ulikuwa mmoja. Alivivua palepale, akampa mama yangu, na mama alivivaa shambani mpaka vikapasuka. Kanisani walisema Mwaitu hana shukrani.

Sasa nije kwa mwenye buchari, yule wa duka la nyama pale sokoni.

Huyu alikuwa jirani wa upande wa juu, mtu wa tumbo na kofia, mkubwa katika kamati zote. Harambee haikuanza kabla hajafika. Alikuwa na mbwa wengi kuliko boma lolote, na hawakula makombo kama mbwa wetu, walikula matumbo na mafuta ya buchari, kwa hiyo walichoacha kilikuwa kingi na harufu yake unaijua kabla hujakiona. Na kwa sababu uwanja wa Fundi ulikuwa laini na hauna miiba, walikuwa wakishuka kwake. Wangeweza kwenda popote katika Ukamba wote, lakini walishuka kwake.

Fundi hakuwapiga mawe. Nilimwona akiwafukuza kwa kupeperusha shati, anakimbia kifua wazi kama anayefukuza kuku, na sisi watoto tukicheka mikongeni. Mama yangu alimwambia, "Fundi, rusha jiwe moja tu, hawatarudi." Akajibu, "Jiwe nikirusha litalala wapi? Si ni hapahapa uwanjani?"

Alijaribu ua. Alikata matawi ya miiba, akazungushia boma lote, kazi ya siku nyingi. Mbwa walipita chini. Ng'ombe wa watu wakapita juu. Miiba iliyokauka ikaanza kupeperushwa ndani, na mmoja ukamwingia Mwaitu kisiginoni akachechemea wiki nzima. Fundi aliung'oa ua wote kwa mikono yake na kuuchoma moto. Watu waliopita waliona moshi, wakasema mtu huyu kweli hana akili, anajenga asubuhi na kubomoa jioni.

Kilichoharibu mambo ni alasiri moja ya ushirika wa kina mama. Walikuja kuomba nyumbani kwa Mwaitu, zamu ilikuwa yake. Alikuwa amejiandaa tangu juzi yake. Nilikuwa hapo, nilikuwa nimepewa kazi ya kuosha vikombe. Fundi alikuwa amefagia asubuhi kama kawaida yake, amevuka uwanja kwa miguu yake, ameenda sokoni. Mchana mbwa wa buchari walishuka.

Mwaitu alitoka jikoni na birika la chai, anaimba na wenzake waliokuwa ndani. Aliingia nyumbani akapita katikati yao, akamimina kikombe cha kwanza. Sauti zikaanza kukatika, moja moja. Mwenyekiti wao alijifunika pua kwa leso. Mwingine alivuta miguu yake chini ya kiti. Mwaitu akasimama, akainua uso, na nikaona ameelewa, kwa sababu pua yake ilikuwa nzuri kuliko zao zote. Akatazama chini, mtu asiyeona, akatazama miguu yake.

Hakuna hata mmoja aliyeinuka kumwosha. Nitakufa nikiwa na hasira juu ya jambo hilo. Wanawake wa kuosha watoto kila siku, wanaofagia mavi ya ng'ombe na ya mbuzi kwa viganja vyao, walikaa kwenye viti wakangoja afanye nini sijui. Mmoja alinong'ona, na chumba ni kidogo, "Sasa ndiyo taabu ya mtu kama huyu." Mama yangu hakuwepo, alikuwa kliniki na mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemshika mkono tukatoka, na nikamwagia maji. Hakulia. Aliuliza tu, "Nimekanyaga mpaka wapi? Mkeka pia?"

Baada ya siku hiyo Mwaitu aliacha kutembea. Alikaa mlangoni, kwenye kigoda, miguu ameikunja chini ya leso. Akitaka maji aliita. Akitaka choo aliita, na kama hapakuwa na mtu aliyemsikia alivumilia mpaka Fundi arudi. Mwanamke aliyekuwa akiongoza nyimbo akawa wa kungoja. Hilo ndilo lililokuwa linapiganiwa pale, na ndilo ambalo watu wetu hawakutaka kuliona.

Fundi alikuwa amekwenda kwa mwenye buchari, jioni ileile ya ushirika. Hakusikilizwa. Akapeleka shauri barazani kwa naibu wa chifu. Mimi nilikwenda na baba, tukakaa nyuma. Fundi alisimama na shati lake la grisi, na hakuwa mtu wa kusema mbele za watu.

"Mimi naomba tu hizi mbwa zifungwe mchana," akasema. "Usiku wacha zitembee. Bibi yangu anatembea miguu mitupu. Hiyo miguu ndiyo anaonea."

Naibu wa chifu alicheka, akatafuta wa kucheka naye. "Fundi, sasa unataka mimi nishike mbwa nitie pingu? Nipeleke korti Makueni?"

Watu wakaangua kicheko. Kisha mwenye buchari akainuka, hata kofia hakuvua. "Mbwa yangu haijui mpaka ya shamba," akasema. "Lakini mimi ni mtu ya amani. Siku Fundi atafunga bibi yake kwa nyumba, na mimi nitafunga mbwa."

Walicheka tena, na safari hii walicheka kwa muda mrefu. Wazee wa kanisa walicheka. Baba yangu hakucheka, namshukuru, lakini pia hakusema kitu. Fundi alingoja mpaka wamalize. Nadhani alifikiri kuna mtu ataongea. Halafu akapanda baiskeli yake akaondoka, na tangu siku ile hakumweleza mtu yeyote tena kwa nini anafagia.

Alichofanya ni kuanza kufunga kibanda mchana. Jua likifika utosini aliacha kazi, hata kama baiskeli ya mtu imelala miguu juu bila gurudumu, na kupiga pedali mpaka nyumbani. Alifagia upya, akavua akala, akavuka uwanja, akamwambia mkewe, "Iko sawa," akarudi sokoni. Wateja walikasirika. Walimuuliza anakimbilia wapi, naye akawajibu jibu moja miaka yote: "Nimesahau spana namba kumi na nne." Aliisahau kila siku ya Mungu. Vijana walianza kumwita jina la hiyo spana. Hakuwa mwongo mzuri, na hakujali kuwa mwongo mbaya.

Na Mwaitu alitembea tena. Haikuwa mara moja. Mwanzoni alikwenda jikoni tu, ameshika ukuta. Fundi alisimama pembeni, hakumsaidia, nami nikiwa mikongeni nilitaka kumpigia kelele amshike mkono. Baadaye alifika ghalani. Siku niliyomsikia akiimba akitoka choo niliacha nguo nilizokuwa nafua nikaenda kumwambia mama. Sijui kama Fundi alisikia, maana alikuwa ameshaenda kurudisha ile spana.

Msifikiri alikuwa malaika. Alikuwa na ulimi mkali, na mkono mzito wa kukazia nati mpaka zinakatika. Aliweza kukununia mwezi mzima kwa sababu ulipeleka pancha yako kwa fundi mwingine Mukuyuni. Kanisani alilala. Na kwa Mwaitu mwenyewe alikuwa mkaidi, walibishana juu ya chumvi kila jioni na sisi tukisikia. Lakini aliwahi kuniambia, nikiwa tayari mke wa mtu na nimekuja kusalimia, neno moja ambalo nimelishika. Nilimuuliza kama hachoki. Alisema, "Kuchoka ni kwangu. Kuona aibu ni kwake. Bora mimi nichoke."

Sasa sikilizeni jinsi watu walivyo. Miaka ya themanini wakubwa wa tarafa walileta mashindano ya usafi wa maboma. Walipita wakikagua vyoo, vichanja vya vyombo na viwanja. Fundi hakujiandikisha, waliingia tu kwake wakapigwa na butwaa. Akapewa wilbaro mbele ya umati, palepale kwenye uwanja wa baraza. Na nani aliyesimama kutoa hotuba kwa niaba ya kamati? Mwenye buchari. "Tuige mfano wa jirani yangu Fundi," akasema, "mtu anayependa usafi kuliko sisi wote." Wakapiga makofi walewale waliocheka. Ofisa wa afya akamuuliza Fundi siri yake ni nini. Fundi alimtazama mwenye buchari, akatazama wilbaro, akasema, "Nina spana nimesahau nyumbani." Wakacheka, wakapiga makofi zaidi. Mbwa wa buchari hawakufungwa hata siku ile ya zawadi.

Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia, sasa kwa vile walikuwa wamenyamaza kumsikiliza. Akasema, "Nikiwaambia watakuja kumwangalia miguu."

Mwaitu alikufa miaka ya tisini ilipoanza, kwa homa, baada ya siku chache za kulala. Maziko yalileta watu wengi mno, wakaukanyaga ule uwanja kwa viatu mpaka ukawa kama njia ya ng'ombe. Mwenyekiti wa kina mama alizungumza juu ya maisha ya dada yetu mpendwa. Mimi niliondoka mapema, sikuuamini ulimi wangu.

Nilikuwa nimehamia Wote kwa biashara ya vitambaa, kwa hiyo ilipita miezi kabla sijarudi. Siku niliyorudi nilishuka sokoni, nikakuta kibanda cha Fundi kimefungwa. Mwenye buchari alikuwa amekaa nje ya buchari yake, mzee sasa, miguu imemvimba. Akaniita.

"Wewe ni kama msichana yake," akasema. "Enda umwambie. Ule uwanja umekuwa choo. Watu wanapita wanaona. Ni aibu kwetu majirani."

"Choo cha mbwa za nani?" nikamuuliza.

"Mbwa ni mbwa," akasema.

Nilitembea mpaka kule nikisema peke yangu njiani, na yale niliyoyasema siwezi kuyaandika. Nikafika. Ilikuwa kweli. Mavi ya mbwa yalikuwa kila mahali, makavu na mabichi, mlangoni, njia ya jikoni, kuzunguka mtungi ambao sasa ulikuwa mtupu. Mbwa wawili wa buchari walikuwa wamelala kwenye kivuli cha ghala na hawakuinua hata kichwa. Fundi alikuwa amekaa mlangoni, kwenye kigoda cha Mwaitu. Cha ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa msafi. Shati lilikuwa jeupe, na mikono, baada ya miaka yote hiyo, haikuwa na grisi.

Tulisalimiana. Aliuliza habari za watoto, za vitambaa, za mvua ya Wote. Mimi nilijibu, lakini macho yangu yalikuwa uwanjani. Niliwaona wote, na leso zao na makofi yao, wakipita njiani na kutikisa vichwa. Sikuweza kuvumilia. Fagio lilikuwa limeegemea ukuta, jembe lililolika likiwa kando yake. Nikainuka, nikajifunga leso kiunoni, nikachukua fagio na kushuka uwanjani.

"Acha, mwana wakwa," Fundi akasema.

"Wanakusema, Fundi. Yule mtu amekaa pale sokoni anakusema, na mbwa ni wake."

"Wacha waseme."

"Nitafagia kidogo tu. Njia ya jikoni."

Alitazama ile njia kutoka mlangoni hadi jikoni, akaifuata yote kwa macho, polepole, ikageuka ghalani, ikazunguka mtungi, ikaenda choo na kurudi. Kisha akatazama miguu yangu.

"Weka fagio," akasema. "Wewe una viatu."